Kitabu kinachofuata ni kipi?



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya daftari. Si daftari la shule, wala si lile la mwenye duka la mtaani, ambalo majina yetu huanza kuonekana ndani yake ifikapo tarehe 20, mshahara ukiwa umekwisha. Nazungumzia daftari ambalo wengi wetu hatuna: la vitabu tulivyosoma mwezi huu, na vile tunavyokusudia kusoma mwezi ujao.

Najua wapo watakaosema, huyu leo ametuletea mambo ya wasomi. Mtu wa Mbagala anaamka saa kumi alfajiri kugombea basi, anarudi nyumbani saa mbili usiku, halafu unamwambia habari ya orodha ya vitabu? Subiri kidogo, ndugu yangu. Ni kwa ajili ya mtu huyo hasa ndiyo maana ninazungumza. Mwenye saa nyingi na pesa nyingi anaweza kusoma ovyo ovyo na bado akaambulia kitu. Mwenye nusu saa kwa siku hawezi.

Tazama jinsi tunavyoishi. Huku kwetu uswahilini hakuna jambo la maana linaloendeshwa bila daftari. Akina mama wa Tandika wanacheza upatu, na kijumbe wao ana daftari: nani ametoa, nani amepokea, nani anafuata. Siku daftari hilo likipotea, mtaa mzima haukaliki. Fundi cherehani wa Manzese ana daftari la vipimo vya wateja wake. Kamati ya harusi ina daftari la michango, na usipotoa jina lako litasomwa hadharani. Kwenye msiba pia kuna karatasi ya rambirambi. Ni kusoma peke yake tulikokuacha kuende kama mbuzi asiye na mchungaji. Tunasoma kinachotuangukia mkononi: gazeti lililofungia maandazi, kitabu alichosahau mpangaji aliyehama, au ujumbe uliotumwa kwenye simu na mtu ambaye naye alitumiwa na mtu mwingine.

Hebu jiulize sasa hivi, kabla sijaendelea. Mwezi uliopita ulisoma kitabu gani? Na mwezi huu unasoma kipi? Ukimaliza hicho, kinachofuata ni kipi?

Swali la tatu ndilo linalotushinda wengi, na kwa maoni yangu hilo ndilo kiini cha tatizo. Husikika mara kwa mara kwamba Watanzania hawapendi kusoma. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Wengi wetu tulikwishasoma kitabu kimoja kikatuteka mpaka tukasahau chakula jikoni. Kilichotuangusha ni kwamba kitabu kile kilipokwisha, hapakuwa na kingine nyuma yake. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mazoea yakakatika. Msomaji hapotei katikati ya kitabu. Hupotea kati ya kitabu kimoja na kingine.

Jambo hili tumekwisha kuliona likitokea kwa nchi nzima. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata chama cha TANU kikaagiza kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Wazee wetu wakaingia darasani, chini ya miembe, kwenye vibaraza vya ofisi na katika viwanda. Walioandikishwa walipita milioni 5. Redio nayo haikubaki nyuma. Wenye umri wa kutosha watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu wakikaa katika vikundi, redio katikati, na vijitabu mkononi.

Matokeo yake yaliishangaza dunia. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, na mwaka 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilipokuja kuhesabu, karibu watu 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa hawajui kusoma. Ni kweli kwamba hesabu hizi hazikufanywa kwa njia moja. Zile za kwanza zilitokana na mitihani ya kisomo, hii ya baadaye ilitokana na maswali ya sensa. Ni kweli pia kwamba katika miaka hiyo ya katikati shule zetu za msingi zilipita katika hali ngumu. Hata hivyo kuna jambo ambalo walimu wa kisomo walilijua tangu mwanzo: mtu aliyefundishwa kusoma, halafu asipewe kitu cha kusoma, husahau. Ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijiji, na yakaanzishwa magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho. Jina la gazeti hilo lilikuwa limesema yote. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, karatasi zikaadimika, magazeti yale yakafifia, na rafu za maktaba nyingi za vijiji zikabaki na vumbi. Watu walikuwa wamejifunza kusoma. Kilichokosekana ni kitabu kinachofuata.

Sisi tuliosoma shule yametupata hayo hayo kwa namna nyingine. Shuleni tulikuwa na orodha, ingawa hatukuiandika sisi. Wizara iliteua vitabu vya fasihi, mwalimu akavigawa, mtihani ukavidai. Ndivyo wengi walivyokutana na Shaaban Robert, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Kisha mtihani wa kidato cha nne ukaja, orodha ikafungwa, na hakuna aliyetuambia kwamba kuanzia siku ile kazi ya kuteua ilikuwa yetu wenyewe. Mtu ana miaka 45 leo, na kitabu cha mwisho alichomaliza ni kile alichojibia mtihani. Si mvivu huyo. Alikuwa akingojea orodha nyingine, nayo haikuja.

Basi, ndugu msikilizaji, orodha hiyo tuiandike wenyewe.

Kabla ya kueleza namna ya kuiandika, niseme kwamba jambo hili si geni duniani. Yule mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, alitunza madaftari ya usomaji kuanzia mwaka 1838 hadi 1860. Aliandika vitabu alivyokuwa akikusudia kusoma, na akaandika vile alivyokwisha kusoma pamoja na tarehe zake. Humo ndimo tunamoona kwamba katika mwaka 1838 alisoma kitabu cha Malthus juu ya ongezeko la watu, kitabu ambacho mwenyewe alikuja kusema kilimfungua macho. Miaka 21 baadaye akatoa kitabu chake juu ya chanzo cha viumbe, ambacho dunia bado inakijadili. Silisemi hili ili kuahidi kwamba daftari litamgeuza mtu wa Tandale kuwa Darwin. Ninachosema ni kwamba hata mtu mwenye akili ile hakuamini kichwa chake peke yake. Aliandika.

Sasa namna ya kuandika. Nunua daftari la kawaida, hata lile dogo la kurasa 40. Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto andika yaliyopita: jina la kitabu, jina la mwandishi, tarehe uliyoanza na tarehe uliyomaliza, na umekipata wapi. Chini yake weka sentensi moja au mbili za maoni yako mwenyewe. Usinakili maneno ya jalada la nyuma. Andika kama unavyomweleza jirani: kilinifurahisha kwa hiki, kilinichosha kwa kile.

Kitabu ulichokiacha njiani nacho kiandike, pamoja na ukurasa ulioishia na sababu. Kuacha kitabu si dhambi, lakini ukiona umeacha vinne mfululizo kwenye ukurasa wa 20, daftari linakwambia kitu. Huenda unachagua vitabu ili uonekane navyo. Huenda unachagua lugha isiyokukaa vizuri. Au huenda wakati unaosoma ni ule ambao macho yamekwisha kuchoka.

Upande wa kulia andika yajayo. Hapo usijaze majina 50, kwa sababu orodha ya vitabu 50 ni ndoto. Andika vitatu. Mbele ya kila kimoja andika kitatoka wapi: kwa shemeji, maktaba, kwa muuza vitabu wa mitumba, au kwa fedha ya mwezi ujao. Kitabu ambacho hujui kitatoka wapi bado si kitabu kinachofuata, ni matamanio.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu anasoma kurasa 10 kwa siku, kazi ya nusu saa hivi kwa msomaji wa kawaida. Kwa mwezi ni kurasa 300. Riwaya zetu nyingi za Kiswahili hazifiki kurasa hizo. Kwa hiyo mtu huyo anaweza kumaliza kitabu kimoja kila mwezi bila kujiumiza, vitabu 12 kwa mwaka. Akianza akiwa na miaka 20 na kuendelea hadi afike 60, atakuwa amesoma vitabu 480. Ni vingi? Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwezi Novemba 2018, imejengwa iwe na uwezo wa kuweka vitabu 800,000. Katika hivyo, wewe na mimi tutasoma 480, tena tukijitahidi. Sasa unaona kwa nini kuchagua si jambo la mzaha.

Tuchague vipi basi? Ziko njia tatu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifuata.

Njia ya kwanza ni kumfuata mwandishi. Ukisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ukampenda yule mpelelezi Bwana Msa, usihangaike. Andika upande wa kulia Kisima cha Giningi ya mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu ya mwaka 1973. Ukimpenda Kezilahabi katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, unayo Kichwamaji ya mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975. Wapenzi wa Willy Gamba wa Elvis Musiba na wa Joram Kiango wa Ben Mtobwa wanaijua njia hii siku nyingi. Walikuwa hawalali mpaka wapate kisa kingine.

Njia ya pili ni kufuata jambo. Chukua mfano wa mtu wa Keko au Kurasini ambaye babu yake alibeba mizigo bandarini. Akisoma Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979 na Tanzania Publishing House, atakutana na makuli wa Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Humo atazaliwa na swali: je, hapa Dar es Salaam ilikuwaje? Na kweli, hapa nako makuli wa bandari waligoma mwaka 1947. Swali hilo liandikwe kwenye daftari, kwa sababu litamwongoza kwenye kitabu cha historia ambacho asingekigusa. Kutoka hapo anaweza kwenda kwenye Vuta N'kuvute ya mwandishi yule yule, iliyotolewa filamu mwaka 2021. Kisha anaweza kwenda Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili. Hapo mtu wa Kurasini amesoma miezi minne mfululizo, na hakuna mwezi alioanza akikuna kichwa.

Njia ya tatu ni kulisoma daftari lenyewe. Kila baada ya miezi mitatu lifungue ulikague, kama mhasibu anavyokagua mapato na matumizi. Utaona mambo. Pengine vitabu vyote ulivyosoma vinafundisha namna ya kuwa tajiri, na fedha bado hujaziona. Pengine hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mwanamke. Basi tafuta tamthilia za Penina Muhando, kama Hatia ya mwaka 1972 au Nguzo Mama ya mwaka 1982. Tamthilia ni fupi, utaimaliza Jumapili moja. Pengine vyote ni vya Kiingereza, na kila kimoja umekiacha nusu. Hakuna aibu kurudi kwenye lugha yako. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh, alikaa akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wengi hufungia mjadala. Kitabu ni ghali, ni kweli. Mtu anapima kitabu kwa kilo za unga, na unga unashinda. Wala simlaumu.

Maktaba Kuu ya Taifa ipo hapa hapa mjini, Mwalimu aliifungua rasmi tarehe 9 Desemba 1967. Lakini kwa mtu wa Mbagala au wa Bunju maktaba ile ni safari, na safari ni nauli. Hapo daftari linasaidia. Ukienda bila orodha, utazunguka kwenye rafu saa nzima, utarudi na chochote au mikono mitupu. Ukienda na majina matatu mfukoni, unauliza utaratibu wa kujiandikisha na kuazima, unachukua wanachokuruhusu, na safari moja inakutosha kwa wiki kadhaa. Hivyo hivyo kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao pembezoni mwa barabara. Mwambie muuzaji jina la kitabu unachotaka. Leo hana, lakini kesho kutwa kikipita mikononi mwake atakukumbuka.

Na kuna njia nyingine ambayo tayari tunaijua. Nimetaja upatu. Kwa nini tusicheze upatu wa vitabu? Watu watano wa mtaa mmoja, tuseme Mwananyamala au Yombo, kila mmoja anunue kitabu kimoja tofauti. Tuseme kila kitabu ni shilingi 15,000. Kila mwisho wa mwezi vitabu vinazunguka: changu kinakwenda kwako, chako kinakwenda kwa anayefuata. Baada ya miezi mitano kila mtu amesoma vitabu vitano vyenye thamani ya shilingi 75,000, naye ametoa 15,000 tu. Na mwisho wake kitabu chake kinamrudia. Kijumbe mteueni, na daftari awe nalo yeye: nani ana kitabu gani, na nani anafuata. Anayechelewesha ajulikane, kama tunavyomjua anayechelewesha mchango wa kawaida. Tunaaminiana kwa fedha taslimu, sembuse kwa riwaya?

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, daftari lisigeuke kuwa la kujionyesha. Mtu anayeandika vitabu vinane kwa mwezi ili asifiwe, na ukimwuliza kisa cha kimoja anaanza kukohoa, anajidanganya mwenyewe. Kitabu kimoja kilichokubadilisha fikra kina uzito kuliko vinane ulivyovipitia kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. La pili, mwezi usio na kitabu nao uandikwe. Mtoto aliugua, kazi ilizidi, umeme ulikatika, mtaani palikuwa na kigodoro kila wiki. Andika: mwezi huu hakuna. Usilikimbie daftari kwa sababu ya ukurasa mmoja mtupu. Upatu hauvunjwi kwa sababu mtu mmoja amekwama mwezi mmoja.

Na mwisho, watoto. Tunawaambia wasome, wasome, wasome, na sisi wenyewe hawajatuona hata siku moja tukiwa na kitabu mkononi. Wanatuona na simu. Mtoto wa darasa la tano akimwona baba yake au mama yake jioni anafungua daftari, anaandika jina la kitabu alichomaliza, kisha anamwuliza, "Mwanangu, wewe unafikiri nisome kipi sasa?", mtoto huyo atakuwa amefundishwa jambo ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote. Mpe naye ukurasa wake katika daftari hilo hilo. Kuanzia mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kutolewa kwa vitabu vya Kiswahili vya watoto hapa nchini, kwa hiyo hawezi kukosa cha kuanzia.

Kuna wazee wetu waliojifunza kuandika majina yao wakiwa na miaka 50, kwa chaki, kwenye ubao uliotundikwa mtini, baada ya kutoka shamba. Walifanya sehemu yao. Mzigo wa sasa ni mwepesi zaidi: daftari moja, kalamu moja, na nusu saa kwa siku.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujazima redio jioni hii, chukua karatasi yoyote iliyo karibu. Andika kitabu ulichomaliza mwisho, hata kama ni cha miaka 10 iliyopita. Chini yake andika kitabu kinachofuata, na mbele yake andika kitatoka kwa nani.

Tukutane wiki ijayo, siku kama ya leo. Kwaherini.